Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyekataa ua la Mei Mosi

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi, nakuandikia kuhusu lile uliloniambia kwa simu, kwamba asubuhi ya Mei Mosi yule bibi wa mlango wa pili alikubishia hodi, akakupa kikonyo cha maua meupe akisema kinaleta bahati, nawe ukamrudishia kwa adabu kwa kuhofia kwamba ni jambo la ushirikina. Naiandika barua hii hadharani kwa kuwa naamini si wewe peke yako uliyepatwa na hofu hiyo. Wako ndugu zetu wengi waliohamia Ufaransa kutoka pwani, Kongo na Burundi, na si kila mmoja amepata mtu wa kumweleza ua hilo ni la nini.

Ua lenyewe huitwa muguet. Ni mmea mfupi wa misituni, wenye majani mawili mapana na kikonyo kilichoinama ambacho kimebeba maua madogo meupe yenye umbo la kengele na harufu nzuri mno. Huchanua baridi inapokwisha na miti inapoanza kuchipua, na hapana shaka hiyo ndiyo sababu ya watu wa huku kulihusisha na heri ya mwanzo mpya. Ifikapo Mei Mosi mjukuu humpelekea bibi yake, mfanyakazi humpa mwenzake, jirani humpa jirani, na anayepata kikonyo chenye kengele 13 huhesabiwa kuwa mwenye bahati kuliko wengine. Haliwi ua la kuposea wala la kumtongozea mtu, ingawa wapendanao nao hupeana.

Kuhusu chanzo chake, husimuliwa kwamba Mfalme Charles IX wa Ufaransa, akiwa bado mtoto, alipewa ua hilo safarini katika eneo la Drôme, likampendeza, na kuanzia mwaka 1561 akawa akiwagawia mabibi wa ikulu yake kila Mei Mosi. Mimi masimulizi hayo nayachukua kama masimulizi, maana ni vigumu kuamini kwamba wanakijiji walioishi kando ya misitu hiyo walimsubiri mfalme awafundishe kuchuma maua ya msimu wao.

Historia inayonigusa zaidi ni ile ya wafanyakazi, nayo inatuhusu hata sisi tuliokua tukiona maandamano ya Mei Mosi nyumbani. Mwaka 1889 wajumbe wa vyama vya wafanyakazi na vya kisoshalisti kutoka nchi mbalimbali walikutana Paris, wakakubaliana kwamba Mei Mosi ya mwaka 1890 watu waandamane kila mahali kudai kazi isizidi saa 8 kwa siku. Tarehe hiyo waliichagua kwa sababu ilikuwa imekwisha kupata uzito huko Marekani, ambako wafanyakazi wa Chicago na miji mingine waligoma Mei Mosi ya mwaka 1886 kwa dai hilohilo. Waandamanaji wa Ufaransa walibandika kifuani pembetatu nyekundu, ambayo kila upande wake ulisimama badala ya saa 8: za kazi, za usingizi na za mtu mwenyewe pamoja na familia yake. Mwaka 1891, katika mji wa viwanda vya nguo wa Fourmies, kaskazini mwa nchi, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wakaua watu tisa, wengi wao vijana. Miongoni mwao alikuwamo Maria Blondeau, mfanyakazi wa miaka 18, ambaye inasimuliwa kwamba mkononi alikuwa ameshika tawi la maua ya msimu.

Baada ya hapo wafanyakazi wengi walishika desturi ya kuvaa waridi-mwitu jekundu siku ya Mei Mosi, na muguet nalo likaanza kuonekana pembeni yake. Mwaka 1941, Ufaransa ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani, serikali ya Marshal Pétain, iliyoshirikiana nao, iliifanya Mei Mosi kuwa sikukuu ya kazi na ya maelewano ya kijamii, ikalipendelea ua jeupe kuliko lile jekundu lililonukia siasa za mrengo wa kushoto. Ungetarajia kwamba vita vilipokwisha wafanyakazi wangelikataa muguet kwa sababu hiyo. Hawakulikataa. Mwaka 1947 sheria iliifanya Mei Mosi kuwa siku ya mapumziko yenye malipo, na hadi leo wanaharakati wa Chama cha Kikomunisti na wanachama wa vyama vya wafanyakazi husimama barabarani wakiuza muguet, kana kwamba wamelitwaa tena ua ambalo mtawala alitaka kuwatuliza nalo. Ndiyo maana nilisikitika uliposema kwamba ni desturi isiyo na maana.

Sasa nije kwenye hofu yako, ambayo siidharau, maana tulilelewa nyumba moja na najua mama alivyotufundisha kujihadhari na vitu vya kutegemewa badala ya Mwenyezi Mungu. Lakini hebu fikiri: kwetu mgeni wa heshima akivishwa kikuba cha asumini na rehani harusini, hakuna anayeuliza kama ni hirizi, kwa sababu sote tunajua kwamba ni mapenzi na taadhima. Muguet ni hivyohivyo. Halisomewi maneno, halifungwi mkononi, halifukiwi kizingitini, na baada ya siku chache hunyauka likatupwa bila mtu yeyote kuogopa kwamba ametupa riziki yake. Hiyo bahati wanayoitaja ni dua ya heri tu kutoka kwa anayekutakia mema.

Tena mfikirie yule bibi. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba anaishi peke yake na kwamba tangu uhamie hapo hamjazidisha salamu za ngazini. Mtu wa umri wake aliyetoka kwenda kununua kikonyo kwa ajili ya mgeni asiyemjua vizuri amefanya jambo kubwa, pengine kubwa kuliko unavyodhani, na kurudishiwa kikonyo chake kumemwachia swali ambalo hawezi kukuuliza. Nakusihi umwendee wiki hii hii, umweleze kwa Kifaransa chako hichohicho kwamba hukuijua desturi yao, kisha umkaribishe chai. Usingoje Mei nyingine ifike.

Na Mei ijapo umpelekee wewe. Hutapata shida kulipata, kwa kuwa siku hiyo raia wa kawaida huachwa wauze muguet barabarani bila leseni ya biashara, ilimradi wauze kidogokidogo, wasipange meza na wasikaribie maduka ya maua, kila manispaa ikiwa na masharti yake. Utaona hata watoto na ndoo zao. Sehemu kubwa ya muguet inayouzwa nchini hulimwa huku kwetu karibu na Nantes, ambako wakulima hulifunika au kulifunua shambani kulingana na hali ya hewa ili lisichanue mapema wala kuchelewa. Linachumwa kwa mkono, kikonyo kimoja kimoja, na maelfu ya vibarua wa msimu wanaoinama mashambani katika wiki za mwisho za Aprili. Mimi kila nikiwapita hukumbuka kwamba ua la siku ya wafanyakazi nalo lina wafanyakazi wake, na sioni vibaya kulinunua kwa kuwathamini hao.

Jambo la mwisho ni la usalama, na hili ulishike sana kwa sababu ya mwanao anayetambaa. Mmea huu wote ni sumu, kuanzia majani, maua na yale matunda yake mekundu hadi maji ya chombo ulimowekwa, na sumu yake hudhuru moyo. Kiweke chombo juu kabisa asikokufikia, maji uyamwage mwenyewe, unawe mikono, na iwapo atatia hata jani moja mdomoni, usingoje dalili: piga simu namba 15, ya huduma ya dharura ya matibabu, mara moja.

Wako akupendaye,
Dada yako, Nantes