Tupime meno? Tukapimie wapi?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka nenda rudi na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari yenu ya Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno, kwamba sisi wananchi hatuna mwamko wa kupima meno mpaka yaume, imenikera. Mwamko tunao. Ukienda na jino lisilouma ndipo utajua hakuna mwenye kazi nalo.

Mjukuu wangu wa darasa la pili alitokwa na kitone cheusi kwenye gego la nyuma, lile la miaka sita. Hilo huchomoza nyuma kabisa bila jino lolote kutoka, ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni la utoto na litang'oka lenyewe. Kumbe ni la kudumu. Nikapanda naye basi mpaka hospitali moja ya hapa mkoani. Binti wa mapokezi hata hakuinua uso. "Linauma?" Haliumi, mwanangu, ndiyo tunaliwahi. "Sasa mmefuata nini?" Tukahamishwa benchi hili na lile hadi kwa tabibu wa meno, kijana muungwana, akatupasulia ukweli: mashine ya kuchonga imekufa, vifaa vya kuziba hakuna, kinachofanyika pale ni kung'oa tu. Turudi likianza kuuma. Na kweli likaanza, usiku wa manane, shavu limevimba kama andazi, na safari hiyo hatukukaa foleni hata kidogo. Likang'olewa. Mtoto wa miaka minane kapoteza jino lisiloota tena, halafu mimi naambiwa sina mwamko!

Na hizi pipi za chenji je? Ukinunua kitu na shilingi hamsini ikikosekana, unapewa pipi, hata hujaulizwa. Duka la dawa nililonunua panadol za huyo huyo mtoto, shavu likiwa bado limefura, lilinirudishia pipi mbili. Nikimpelekea muuza duka pipi zake kununulia chumvi, atazipokea?

Bunge limepitisha hapa hapa Dodoma, mwaka 2023, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sawa. Lakini kadi ya bima haizibi jino mahali ambapo mashine imekufa.

Mimi naomba kitu kidogo. Siku ya kliniki muuguzi hukata kile kidonge cha vitamini A kwa mkasi na kumminyia mtoto mdomoni. Mdomo si umeshafunguliwa? Amulike kwa tochi ya simu, atazame meno ya mbele, aandike kwenye kadi pale pale chini ya uzito. Shuleni nako, siku ya dawa za minyoo, mwalimu humwambia mtoto apanue mdomo kuhakikisha amemeza. Atupe jicho nyuma kwenye gego. Atakayeonekana na kitone apewe karatasi ya kwenda wilayani, na huko wilayani pawe na mashine ya kuchonga iliyo nzima. Dawa ya meno yenye floraidi, ile inayokinga meno yasioze, nayo iwekwe zahanati, maana Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2021. Kama shida ni tochi, zahanati yetu ninayo moja ya kuwapa, na betri nitanunua mwenyewe.

Babu wa wajukuu,
Kibaigwa, Kongwa