Zuhura, weka mkasi chini

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi, za siku tele? Barua yako nimeipata, na nilicheka nilipofika pale uliposema rasiberi zako zimegoma kuzaa. Hazijagoma, mwenzangu. Umeandika mwenyewe kwamba kila baridi inapokwisha unafyeka kichaka chote hadi chini ili bustani ipendeze. Mavuno yako yote yanaishia hapo.

Mizizi ya rasiberi huishi miaka mingi, ila kila shina linalochipuka lina miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza linarefuka na kutoa majani. Wa pili linachanua, linazaa, linakauka. Ni mambo ya mgomba: ukishatoa mkungu, kazi yake imekwisha, unakatwa ili chipukizi lishike nafasi. Sasa wewe unafyeka yale yaliyokuwa yakijiandaa kuzaa, halafu unashangaa kuvuna majani!

Zipo aina zinazokubali kufyekwa hivyo. Heritage na Autumn Bliss, kwa mfano, huzaa kwenye ncha za mashina mapya mwaka uleule, joto linapoanza kupungua. Nadhani aliyekushauri ana mojawapo ya hizo. Zako, kwa jinsi ulivyozieleza, sizo.

Kwa hiyo safari hii ondoa vijiti vyembamba na vilivyougua tu. Yaliyonona yaache, yaachane kama sentimita 10, uyafunge kwenye waya. Nyaya mbili zatosha, ya juu iwe kwenye mita moja na nusu hivi. Usipoyafunga, upepo utayalaza na matunda yataoza chini.

Mwakani ukimaliza kuchuma, utakuta ya zamani na mapya yamechanganyika, nawe utaogopa kukata. Inama uyatazame kwa karibu. Jipya ni la kijani na limenyooka bila matawi ya pembeni. Lililozaa limegeuka kahawia, gome linabambuka vipande vyembamba, na kwenye vikonyo vyake vimebaki vile vichwa vidogo vyeupe ambapo matunda yalichomoka. Hilo ndilo la kukata, usawa wa udongo, usiache kisiki. Usingoje hata baridi ifike.

Kuhusu kuhamishia machipukizi kule ulikovuna nyanya, nakukataza kabisa. Nyanya, viazi na biringanya huweza kuacha kwenye udongo ukungu unaonyausha mimea, nao huzishambulia rasiberi vilevile. Tafuta sehemu nyingine yenye jua, isiyotuamisha maji. Kama pote panatuama, inua tuta, maana mizizi yake ikikaa kwenye maji huoza upesi. Na usichukue chipukizi kutoka kwenye shina lenye majani ya mabaka ya njano. Huenda lina virusi, na hivyo havina dawa. Ling'oe.

Jembe nalo liweke mbali. Mizizi mingi iko juujuu, ukilima kwa nguvu unaikatakata. Magugu yang'oe kwa mkono, kisha tandaza majani makavu au nyasi. Yatashika unyevu na kukupunguzia palizi. Mwagilia chini kwenye shina, si juu ya majani, hasa matunda yanapoanza kujaa. Mbolea weka kiasi. Samadi ikizidi utapata msitu mzuri wa kupigia picha, basi.

Halafu lile swali lako la lini uchume. Shika tunda kwa vidole viwili, livute taratibu. Lililoiva linachomoka lenyewe na kubaki na shimo ndani, ule moyo mweupe ukisalia kwenye kikonyo. Likikukatalia, liache hadi kesho, kwani ukilichuma bichi halitaiva tena ndani. Chuma umande ukishakauka, uyapange kwenye chombo kipana ili yasipondane, na usiyaoshe mpaka dakika ya kuyala. Ndege nao wana macho kukushinda, kwa hiyo tundika wavu mapema, kabla hayajaanza kuwa mekundu.

Ukikwama kwenye kutambua mashina, nipigie picha ya pale chini, karibu na udongo, siyo ya majani. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Rehema