Issa mwanangu, hiyo si tiba ya miwani

Mtanda, Lindi

Mwanangu Issa,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, na bibi yako anauliza kama unakula. Nimeona nikuandikie, maana juzi uliniuliza swali zito nikiwa sokoni kwenye makelele ya wauza samaki, nikaishia kukuambia tutaongea. Kuna mambo kwenye simu hayasemeki. Barua utaisoma ukiwa peke yako, na ukichoka utaiweka chini.

Ulisema huyo mtaalamu anataka uikumbuke ile ajali ya basi ya Nangurukuru huku ukifuata vidole vyake kwa macho, kushoto na kulia, na ukaniuliza kama hayo si mazingaombwe. Si mazingaombwe, baba. Wala hakulazi usingizi wa kupumbazwa kama wale wa kwenye runinga. Unakuwa macho, una akili zako timamu, na ukiinua mkono anasimama hapo hapo. Mjomba wako nilipomweleza alidhani unapimwa miwani, akasema macho ya Issa mbona mazima! Nimemweleza upya. Lile neno lake la kwamba mtu aliyepita jando hababaishwi na ndoto nimemrudishia mwenyewe. Mjomba ana heshima yake katika nyumba hii, akisema tunasikia, lakini wodini nimefanya kazi mimi, si yeye. Nimeona wanaume waliopita jando, waliopita na jeshini, wakiamka saa nane za usiku wanatafuta mlango.

Nilipotoka sokoni nilimpigia mwenzangu tuliyesoma naye uuguzi, yuko Dodoma, na miaka yote amekuwa upande wa afya ya akili. Halafu nikasoma mwenyewe, unanijua. Tiba hii wataalamu wanaiita kwa herufi zake za Kiingereza, EMDR, yaani tiba ya kupunguza makali ya kumbukumbu kwa mwendo wa macho. Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini na mawazo yake mabaya, akagundua kwamba macho yake yakienda huku na huku yale mawazo yanapungua makali. Akaanza kuijaribu kwa watu wengine, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza, wa watu 22. Kusema kweli hapo mimi ningekataa. Mtu ametembea bustanini, kajisikia vizuri, basi imekuwa tiba? Wenzake wengi nao walikataa, na walifanya vema, kwa sababu ubishi wao ndio uliofanya ipimwe tena na tena kwenye nchi nyingi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye mwongozo wake kwa watu wazima na watoto waliobakiwa na kiwewe, pamoja na ile tiba ya kuzungumza inayobadilisha fikra. Hivyo anayekupa si mganga wa njiani.

Sasa nikueleze inavyokwenda, usije ukashtuka. Siku ya kwanza hakuna macho wala vidole. Atakuuliza habari zako, unalalaje, unaota nini, kama kuna mambo ya zamani zaidi ya ajali. Atakufundisha namna ya kujituliza, pengine akuambie uchague mahali unapojisikia salama akilini. Usimharakishe hapo. Mwenzangu anasema anayeruka hatua ya maandalizi akakimbilia vidole ndiye wa kumkimbia.

Baadaye mtachagua picha moja tu, ile inayokuchoma kuliko zote. Atakuuliza, ukiiona picha hiyo, unajiambia nini kuhusu wewe mwenyewe? Hapo, Issa, ndipo nilipofikiria kiti. Tangu siku ile ya Nangurukuru umewahi kuniambia kitu kimoja tu, kwamba mlikuwa mmebadilishana kiti na yule kijana. Sikukuuliza zaidi na sitakuuliza. Ila nadhani unajiambia kwamba kosa ni lako. Mtaalamu atakuuliza ungependa ujiambie nini badala yake, labda kwamba hukujua na hukumkosea mtu, halafu akuulize neno hilo unaliona la kweli kiasi gani, kuanzia 1 mpaka 7. Usimdanganye ili umfurahishe. Kama ni 1, sema 1. Tena atakuuliza uchungu wenyewe umefika wapi kati ya 0 na 10, na mwilini unausikia wapi. Hili la mwili usilipuuze. Umesahau siku ile ya bamia na uduvi? Nilikuwa nimebandika sufuria, uduvi haujachemka hata vizuri, wewe umeingia jikoni unacheka, ghafla ukashika mlango, midomo ikakauka, mikono baridi, ukatoka nje mpaka chini ya mwembe. Nilikufuata na maji nikidhani ni malaria. Ni baadaye nilipoambiwa na mmoja wa abiria wenzako kwamba mfuko wa uduvi ulipasuka ndani ya basi, ndipo nikaelewa. Kichwa chako kilikuwa Mtanda, mwili wako uko Nangurukuru.

Basi, ukiishika ile picha, pamoja na lile neno na ile sehemu ya mwili, ndipo anapopitisha vidole mbele ya uso wako na wewe unavifuata kwa macho bila kugeuza shingo. Kama nusu dakika hivi. Anasimama, unavuta pumzi, anakuuliza umeona nini sasa. Unajibu kwa kifupi, hata neno moja, naye anakwambia endelea na hilo. Mnarudia. Picha inaweza kuhama, likaja jambo ambalo hukulitegemea, pengine la utotoni, pengine la kipuuzi kabisa. Liache lije. Unaweza kulia, unaweza kusikia miguu inatetemeka. Mnaendelea mpaka ule uchungu ushuke karibu na 0, ndipo mnalirudia lile neno jema ulilolichagua, kisha unaupitia mwili mzima kutoka utosini hadi miguuni kuona kama kuna mahali bado pamekaza. Mkikaa, ni saa moja hadi saa moja na nusu. Muda ukiisha kabla kazi haijaisha, hakuachi njiani, anakutuliza kwanza ndipo unatoka, na mkikutana tena anaanza kwa kuangalia kilichobaki. Kuna wanaomaliza tukio moja kwa mikutano michache, na kuna wanaohitaji mingi zaidi. Usijipime kwa mwenzio. Macho yakichoka, wengine hugongewa viganja kwa zamu, au husikilizishwa mlio sikio hili na lile.

Kwa nini inafanya kazi? Hapo wataalamu wanabishana mpaka leo. Shapiro mwenyewe alisema tukio la kutisha huingia kichwani bila kusagwa, likabaki na sauti zake, harufu zake na hofu yake vile vile, na tiba inalimalizia kulisaga. Wengine wanasema akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Ukiikumbuka ajali huku macho yana kazi, kumbukumbu inakosa nafasi ya kuwaka yote, na ikirudi kuhifadhiwa inarudi imefifia. Wapo pia wanaosema macho hayachangii kitu kikubwa, kinachoponya ni kulitazama lile jambo ukiwa mahali salama na mtu anayejua anachofanya. Mimi ubishi huu haunikoseshi usingizi. Nimegawa parasetamo miaka yote ya kazi yangu, na wanasayansi bado wanajadili inavyotuliza maumivu. Wagonjwa walipona kichwa.

Usitegemee kusahau, lakini. Korosho mbichi ukiibangua kwa mikono mitupu mafuta ya ganda yanakubabua ngozi, ikishakaangwa ni korosho ile ile ila unaishika. Utaikumbuka ajali, utamkumbuka yule kijana, na kumkumbuka ni haki yake. Kinachotakiwa ni kwamba harufu ya uduvi isikutoe tena jikoni mbio.

Na jambo lililonifanya niipende tiba hii kwa ajili yako ni kwamba hailazimishi usimulie. Tiba nyingine zinataka ueleze tukio lote, tena na tena, na nyingine zinakupa kazi ya kufanya nyumbani. Hii unaweza kulishika jambo moyoni, ukamwambia mtaalamu "limebadilika kidogo" na ikatosha. Nakujua wewe tangu utoto, ukiulizwa sana unafunga mdomo kama baba yako, Mungu amrehemu.

Bibi yako anataka uje usomewe, na mwalimu ameshaambiwa aandae kombe, yale maji ya aya za Kurani. Kunywa, baba, hakuna ubaya, dua ya bibi haigombani na hospitali, na mtaalamu mwenye adabu hatakuambia uchague. Lakini nataka ujue kitu kuhusu bibi yako. Kimbunga cha Aprili 1952 kilipoipiga Lindi alikuwa mtoto mdogo wa kuanza madrasa. Paa la kwao liliruka, na usiku ule hakuwahi kuusimulia wote, anaishia kwenye sauti ya minazi. Wewe umekua ukimwona upepo wa bahari ukivuma usiku anajifunga kanga mbili kiunoni na kukaa barazani na taa, mkadhani ni tabia ya wazee. Aprili 2019, ilipotangazwa kimbunga Kenneth kinakuja, Mtwara na Lindi wote tukaambiwa tujihadhari, yeye ndugu zake walikwishamkuta ameketi mlangoni na kibunda cha nguo na msahafu, hataki chakula. Kimbunga kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Yeye alikaa pale pale mpaka alfajiri. Miaka 67, Issa! Ameolewa, amezaa, amezika mume, amelima mikorosho, na ule upepo haujawahi kupita. Wakati wake hapakuwa na mtu wa kumpeleka. Wewe umepata mtu, halafu unaniuliza kama uende?

Nimesoma pia kwamba mwaka 1997 kimbunga Pauline kilipoipiga Acapulco, Mexico, mtaalamu mmoja, Lucina Artigas, alikuwa na watoto wengi na mikono yake ni miwili. Akawafundisha wapishanishe mikono kifuani na kujigonga wenyewe mabega kwa zamu, kushoto, kulia, taratibu, kama kipepeo anapiga mbawa. Nilimwonyesha bibi. Akanitazama, akafanya kidogo, akasema hii mbona tunawafanyia watoto. Kujituliza kwa namna hiyo usiku ukishtuka hakuna neno. Ila zile video za kwenye simu za kufuata kitone kinachokimbia, ukiwa peke yako chumbani na ajali kichwani, achana nazo. Utaifungua picha na hakuna wa kukusaidia kuifunga.

Kabla hujaanza muulize huyo mtaalamu amejifunzia wapi tiba hii na ana msimamizi gani. Si utovu wa adabu kuuliza, mimi nilikuwa nawapenda wagonjwa wanaouliza. Mwambie na dawa zote unazotumia, na lile jeraha la kichwa ulilolazwa nalo. Akikuahidi kukuponya siku moja, chukua begi lako.

Siku ya mkutano usipange kazi wala mtihani mchana wake. Usiku huo au unaofuata ndoto zinaweza kuja kwa fujo, au mambo uliyosahau yakachomoza. Mwenzangu anasema ndiyo kawaida yake, akili bado inafanya kazi. Yaandike mawili matatu umpelekee, basi. Shangazi yako wa Mbagala atakuja kukungoja nje, nimemwambia akuletee chakula na asikuhoji. Amekubali la chakula.

Kuhusu kuja Lindi, sikudai. Ile siku uliyofika kituo cha Rangi Tatu huko Dar ukashuka kabla basi halijaondoka, nguo zako zikaja peke yake, watu walisema mengi. Nimezifua, zipo. Idi ikifika na bado hujaweza kupanda basi, mimi na bibi tutapanda sisi tuje huko, mradi korosho ziwe zimeuzwa.

Nimekutumia hela kidogo kwenye simu, ya nauli na ya maji ya kunywa. Ukitoka kwa mtaalamu usinipigie kunieleza kilichotokea mle ndani, ni chako. Ukitaka kunipigia uniulize bei ya korosho, nipigie baada ya Isha. Wakulima wa chama chetu wameikataa bei ya mnada uliopita, na mjomba wako ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Mama yako