Mgeni asijisikie mwenyewe: kupitisha sauti ya kivinjari kwenye mikisa ya kompyuta

Una mgeni yuko Toronto, mnazungumza kwa Google Meet. Katikati ya mahojiano unataka kupiga kipande cha YouTube, mgeni akisikie, wasikilizaji wakisikie, na chote kirekodiwe. Unafungua kichupo cha pili na kubonyeza pleyi. Mgeni hasikii kitu, au anakisikia kwa mbali kikitoka kwenye spika zako na kuingia kwenye maiki. Ukiongeza sauti, maneno yake mwenyewe yanaanza kumrudia sikioni.

Wateja wengi wanaotuletea tatizo hili huja wakiamini maiki imekufa, au wanataka tuwauzie kadi mpya ya sauti. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Windows huichukua sauti ya Chrome nzima, hata iwe na vichupo kumi, kama sauti ya programu moja, na kuipeleka spika. Maiki ina njia yake, na njia hizo mbili hazikutani popote ndani ya kompyuta. Kinachotakiwa ni mahali pa kuzikutanisha, na pahali hapo ni mikisa pepe, yaani programu inayochanganya sauti kama mikisa ya studio.

Kwa Windows tunasakinisha mikisa pepe iitwayo Voicemeeter Banana, iliyotengenezwa na VB-Audio ya Ufaransa. Unaipakua bila malipo kisha unachangia, na ukiitumia kibiashara tunakusihi ulipie. Ukimaliza kuisakinisha, washa kompyuta upya kwa "Restart" kabla ya kugusa chochote. Anayeruka hatua hii hukuta milango mipya ya sauti iliyoletwa na programu haionekani au haitoi sauti, akadhani programu ni mbovu.

Banana ina safu tatu za vifaa halisi upande wa kushoto na safu mbili pepe katikati, VAIO na AUX. Kila safu ina vitufe vitano vidogo: A1, A2, A3, B1 na B2. Herufi A ni vifaa vya kusikilizia, yaani hedifoni au spika. Herufi B ndiyo siri ya mtambo wote, kwa sababu programu nyingine huiona kama maiki. Chochote utakachokiruhusu kwenda B1, Google Meet itaamini kimetoka kinywani mwako.

Anza na A1, juu kulia. Ibonyeze, chagua hedifoni zako, na kati ya majina yanayojirudia chukua linaloanza na WDM (WDM na MME ni njia mbili za Windows kuwasiliana na kifaa cha sauti). La MME hufanya kazi pia ila huchelewesha sauti zaidi. Kwenye safu ya kwanza kushoto bonyeza jina lililo juu kabisa na uchague maiki yako, vilevile ya WDM. Sema neno. Ngazi ya kijani ikipanda, mlango umefunguka.

Sasa kivinjari. Hapa tuna msimamo: tumia viwili. Mazungumzo yaende Chrome, YouTube na muziki viende Firefox. Ukiviweka vyote Chrome, Windows haitakupa namna ya kuvitenganisha, na bila kuvitenganisha mwangwi hautaisha. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 italemewa, kwa hiyo funga vichupo usivyovihitaji.

Piga video yoyote kwenye Firefox na uiache iendelee, kwa sababu kivinjari kilicho kimya mara nyingi hakionekani kwenye orodha inayofuata. Kwenye Windows 11 fungua "Settings", "System", "Sound", kisha "Volume mixer". Kwenye Windows 10 orodha hiyo inaitwa "App volume and device preferences". Utaona jina la Firefox na mshale mdogo pembeni. Bonyeza mshale, na kwenye "Output device" chagua Voicemeeter AUX Input. Ngazi ya safu ya AUX itaanza kucheza papo hapo. Isipocheza, pakia upya ukurasa wa video.

Meet haihitaji orodha hiyo, kwani ina mipangilio yake ya sauti. Kwenye spika weka Voicemeeter Input, ambayo ndiyo safu ya VAIO, na kwenye maiki weka Voicemeeter Out B1. Kumbuka kuwa chaguo lililowekwa ndani ya Meet hushinda la Windows. Mtu anaweza kuhangaika saa nzima kwenye "Volume mixer" huku Meet ikiendelea kutoa sauti kwenye spika za laptopu zilizochaguliwa wiki iliyopita.

Vitufe sasa. Safu ya maiki: washa B1 na B2, zima A1. Ukiacha A1 ikiwaka huku unatumia spika, utapata mluzi mkali. Safu ya VAIO, aliko mgeni: washa A1 ili umsikie na B2 ili arekodiwe, lakini B1 izime. Safu ya AUX, iliko YouTube: washa A1, B1 na B2, kwa kuwa kipande hicho lazima kisikike na wewe, mgeni na rekodi.

Ile B1 iliyozimwa kwenye VAIO ndiyo inayomaliza mwangwi. Ikiwaka, sauti ya mgeni inaingia kwenye mikisa na kurudishwa Meet kama maiki yako, naye anajisikia kila anapotamka. Mgeni akilalamika kuwa anajisikia, angalia hapo kwanza kabla ya kumwambia avae hedifoni.

Kurekodi, fungua programu ya kurekodia kama Audacity au OBS na uchague Voicemeeter Out B2 kama maiki. Sauti za watu zifike kwenye dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) -12 mpaka -6 zinapopanda juu. Zikigusa 0 zitapasuka, na rekodi iliyopasuka haitengenezeki vizuri baadaye. Kitelezi cha AUX kishushe kwa dB 10 hivi kabla ya kupiga kipande, kwa sababu video nyingi za muziki zina sauti kubwa kuliko mtu anayeongea.

Sauti ikikwaruza au kukatikakatika, mara nyingi vifaa havikubaliani kasi ya kuchukua sampuli za sauti (sample rate): kimoja kiko 44100 Hz, kingine 48000. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, na kwa kila kifaa unachotumia, cha kutoa sauti na cha kurekodi, weka 48000 Hz kwenye "Advanced". Kisha ndani ya Voicemeeter nenda "Menu", "System settings" na uweke 48000 humo pia. Mikwaruzo ikibaki, ongeza akiba ya WDM ("Buffering WDM") kutoka 512 hadi 1024. Kwa kasi ya 48000 hiyo ni kama milisekunde 21, ambazo sikio halitazigundua kwenye mazungumzo. Maliza kwa "Restart Audio Engine".

Muziki ukifika kwa mgeni umekatwakatwa kana kwamba unazama majini, zima kiondoa kelele cha Meet kama akaunti yako inacho. Chenyewe huuona muziki kuwa kelele. Sauti zote zikishuka ghafla simu inapoingia, rudi mmsys.cpl, sehemu ya "Communications", uchague "Do nothing". Windows huja ikiwa imepangwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80.

Hedifoni za Bluetooth hatuzipendekezi kwa kazi hii. Maiki yake ikitumika, mara nyingi sauti yote hushuka kuwa ya upande mmoja na hafifu kama ya simu. Za waya, hata za bei ya chini, zitakufaa zaidi.

Kompyuta ikikosa sauti kabisa asubuhi ya pili, hata ya muziki wa kawaida, jua Windows imeifanya Voicemeeter kuwa spika kuu huku programu yenyewe imefungwa. Ifungue, sauti itarudi, kisha kwenye "Menu" washa "Run on Windows Startup".

Ukituletea kompyuta tukupangie, njoo na maiki na hedifoni zilezile utakazotumia hewani, na nenosiri la Windows. Tukishamaliza, tunahifadhi mpangilio kwa "Save Settings" na kukuachia faili kwenye flashi. Siku sasisho la Windows likivuruga milango, utairudisha kwa "Load Settings", kisha ukague tena "Volume mixer" na Meet, maana faili hilo halihifadhi kilichochaguliwa huko.