Kwa nyie vijana wa kwaya mnaonuna mkisahihishwa

Tumsifu Yesu Kristo wanangu. Na Walutheri mliomo humo, Bwana asifiwe, sijawasahau.

Naandikia wote kwa pamoja sababu nikimwandikia mmoja ataona namwonea, na kusema kweli ugonjwa huu mnao wengi. Jumamosi ile mliona wenyewe. Kijana kaleta wimbo wa komunyo, mzuri tu, kiitikio kinashika, nikachukua penseli nikazungushia pale mwisho wa mstari wa pili ambapo soprano na besi wanapanda pamoja kwa hatua tano tano kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja, nikamwambia baba hapa parekebishe kidogo. Akakunja karatasi akatia mfukoni, akasema mzee mimi nina nyimbo mia mbili na kumi na zinaimbwa mpaka Mbeya, akaondoka zake, kinanda kikabaki hakina mtu na mazoezi yakafia hapo. Besi wakaenda kunywa soda.

Mia mbili na kumi. Haya.

Sasa nyie kila Jumamosi mko harusini, na kule mnapiga na kuimba vitu vya watu wa karne ya kumi na tisa bila kujua. Ile Ave Maria ya taratibu ambayo maharusi wote wanaitaka, ya Franz Schubert, mtu wa Vienna kule Austria, mtoto wa mwalimu wa shule, aliiandika 1825. Tena haikuwa sala ya Kilatini kama mnavyobishana siku zote, ni wimbo aliotungia maneno ya shairi la Walter Scott, binti amejificha milimani huko Scotland anamwomba Bikira Maria, Kilatini kimebandikwa baadaye. Machi, ule muziki wa mwendo wa kutokea kanisani, ni ya Felix Mendelssohn, 1842, aliiandikia tamthilia ya Shakespeare. Na ile ya bibi harusi kuingilia ni ya Richard Wagner kutoka opera ya Lohengrin, 1850, na ndani ya opera yenyewe ndoa ile inavunjika usiku uleule, ila msiwaambie maharusi, mtakosa hela ya nauli.

Nirudi kwa Schubert maana ndiye niliyemfikiria wakati kijana anakunja karatasi yake. Huyu bwana aliandika nyimbo zaidi ya 600. Mwaka 1815 peke yake, ana miaka kumi na nane na asubuhi anafundisha watoto kwenye shule ya baba yake, alitoa zaidi ya 140. Acha simfoni, zile kazi ndefu za okestra, acha misa, acha muziki wa piano. Halafu Novemba 1828, ana miaka 31, anaumwa, amebakiwa na siku chache ingawa hajui, akaenda kwa mwalimu mmoja wa Vienna anaitwa Simon Sechter akaomba afundishwe kauntapointi, ule ufundi wa kuzifanya sauti mbili tatu ziende kila moja njia yake na bado zipatane. Tarehe 4 Novemba akahudhuria somo. Tarehe 19 akafa. Yani mtu ana nyimbo 600 kichwani na bado ameona kuna kitu hakijamkaa sawa, kaenda na daftari kama mtoto wa darasa la tano.

Huyo Sechter mshikeni hapohapo, bado nina kazi naye.

Maana miaka ishirini na kitu baadaye akatokea mwanafunzi mwingine, Anton Bruckner. Huyu nampenda kuliko wote, naye alikuwa mtu wetu kabisa, mwalimu wa shule ya kijijini, mpiga kinanda wa kanisa, mcha Mungu wa rozari, suruali fupi, hajui kuongea na wakubwa. Ana miaka thelathini na moja, 1855, tayari anapiga kinanda kwenye monasteri ya St. Florian, mwaka uleule akapata kazi kanisa kuu la Linz, mtu mwingine angesema nimefika. Yeye akaomba kwa Sechter. Na Sechter alikuwa na sharti gumu, ukiwa unasoma kwake hutungi chochote cha kwako, ni mazoezi tu. Bruckner akakubali! Miaka sita! Anafanya mazoezi Linz anayatuma Vienna kwa posta, akipata likizo anasafiri kwenda kukaa na mwalimu. Kuna wakati alituma madaftari 17 kwa mpigo mpaka Sechter mwenyewe akashtuka akamwandikia apumzike asije akajiumiza.

Alipomaliza, Novemba 1861, akaomba apimwe. Wakakaa maprofesa wa Vienna kanisani, wakaandika kituni kifupi, mmoja wao, Johann Herbeck, akakirefusha ili kiwe kigumu zaidi, wakampa papo hapo akitengeneze fuga, yaani sauti ziingie moja moja zikifukuzana na kituni kilekile, kwenye kinanda cha mabomba. Akakiangalia muda hivi, wengine wakadhani kashindwa, kisha akaanza. Alipomaliza Herbeck akasema huyu ndiye alipaswa kutupima sisi. Na unajua baada ya pale alifanya nini? Alirudi Linz akaanza masomo mengine, ya kupanga vyombo vya okestra, kwa Otto Kitzler, kijana ambaye Bruckner alimzidi miaka kumi. Ana miaka 37, cheti kimeshakauka wino, anafundishwa na mdogo wake.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Desemba 1877 alisimama mwenyewe kuongoza simfoni yake ya tatu pale Vienna, watu wakawa wanatoka mmojammoja, mpaka mwisho ukumbi umebaki na kikundi kidogo cha vijana, mmoja wao Gustav Mahler, aliyekuja kuwa mtunzi mkubwa. Fikiria umegeuka kuinamia wasikilizaji unakuta viti. Akaja kueleweka kwa simfoni ya saba, Leipzig, Desemba 1884, ana miaka 60.

Ila hapa niseme kitu maana mnaweza kunishika. Bruckner alikuwa na kasoro pia, alimsikiliza kila mtu. Wanafunzi wake walikuwa wanamkatakata kazi zake, punguza hapa, ongeza matarumbeta pale, naye anakubali, mpaka leo wataalamu wanagombana toleo lipi ndilo lenyewe. Kwahiyo siwaambii mkubali kila penseli. Nasema isome kwanza alama, uimbe, usikie kwa sikio lako kama yule mzee amekosea au wewe. Yule kijana hata hakuimba.

Mwingine ni Johannes Brahms, huyu alikuwa hatari. Mwaka 1856 yeye na rafiki yake Joseph Joachim, mpiga fidla, wote vijana na wote wanajulikana tayari, wakakubaliana kutumiana mazoezi ya kauntapointi kwa barua kila baada ya muda fulani, na asiyetuma analipa faini mwenzake anunulie vitabu. Faini! Nyie mnalipishwa faini kwa kuchelewa mazoezi mnalalamika mpaka kwa paroko. Na Brahms alikuwa mtu wa kuchoma, alisema mwenyewe kwamba aliharibu kwateti za nyuzi, kazi za vyombo vinne vya nyuzi, kama ishirini kabla hajaruhusu mbili za kwanza zichapwe 1873. Simfoni yake ya kwanza alimwonesha rafiki yake mpiga piano, Clara Schumann, sehemu ya mwanzo 1862, simfoni yenyewe ikapigwa mara ya kwanza Novemba 1876. Miaka kumi na nne. Sikilizeni inavyoanza, ile ngoma kubwa inadunda taratibu chini na nyuzi zinapanda juu yake kama mtu anabeba gunia ngazini. Utangulizi ule haukuwepo kwenye karatasi aliyoiona Clara, aliuongeza baadaye. Angekuwa wa siku hizi angeshairekodi kwa simu 1862 na kuirusha, na ile ngoma tusingeisikia.

Na huyuhuyu mkali ndiye, akishakuwa mzee na tajiri na ndevu zake, alikuwa anasahihisha prufu, zile nakala za majaribio kabla ya kuchapa, za mtunzi Antonín Dvořák. Dvořák alikuwa mtoto wa mchinjaji nyama wa kijiji cha Bohemia, Ucheki ya leo, akapiga viola kwenye okestra ya tamthilia miaka mingi kwa mshahara wa kujikimu, Brahms akaona kazi zake kwenye maombi ya ruzuku ya serikali akampeleka kwa mchapishaji wake Simrock. Dvořák alipokuwa Marekani miaka ya 1890 barua zilikuwa za polepole, basi Brahms akakaa na kalamu anasaka makosa ya uchapaji kwenye nota za mwenzake, moja moja. Jamani hiyo kazi nimeifanya, inaumiza macho na haina shukrani.

Sasa nigeukie upande wangu, upande wa sisi walimu, maana vijana mnanuna na wakati mwingine mna sababu. Nimeona. Kuna binti aliwahi kuniletea wimbo wake, mwaka mzima baadaye nikausikia kwenye albamu ya kwaya moja, jina la mtunzi limeandikwa la mwalimu wake. Alipouliza akaambiwa si nilikusahihishia. Binti aliacha kuimba.

Na si jambo jipya. Mwangalieni Fanny Mendelssohn, dada mkubwa wa huyu Felix wa machi ya harusi. Walisoma pamoja kwa mwalimu mmoja, uwezo uleule, baba yao akamwandikia binti 1820 kwamba kwa Felix muziki labda utakuwa kazi, kwako wewe utabaki kuwa pambo. Ana miaka kumi na nne! Nyimbo zake kadhaa zikatoka ndani ya vitabu vya Felix kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Felix yuko ikulu ya Buckingham, Malkia Victoria anataka kumwimbia, akachagua wimbo anaoupenda kuliko yote kwenye kitabu cha Felix, kumbe ndio wa dada, ikabidi Felix akiri mbele ya malkia kwamba huu ni wa Fanny. Na kukiri alikiri, nampa hilo. Fanny alichapisha kitabu chake cha kwanza kwa jina lake 1846, ana miaka arobaini. Mei 1847 yuko mazoezini na kwaya yake ya nyumbani, anaandaa kazi ya Felix, mikono ikafa ganzi kwenye piano, usiku ule akafa. Felix alimfuata Novemba. Fanny ameacha kazi zaidi ya 450, na kuna sonata yake ya piano ya Pasaka ya 1828 ambayo mpaka 2010 watu walikuwa wanadhani ni ya kaka yake.

Na Samuel Coleridge-Taylor, huyu mkumbukeni sana, damu yetu, baba yake daktari wa Sierra Leone, mama Mwingereza, kazaliwa London 1875. Mwaka 1898, ana miaka 23, akatoa kazi ya kwaya na okestra, karamu ya harusi ya Hiawatha, shujaa wa shairi moja la Marekani, Uingereza yote ikaimba, vyama vya kwaya kila mji, nakala zikauzwa maelfu kwa maelfu. Yeye alikuwa ameiuza moja kwa moja kwa wachapishaji kwa gini 15, hesabu ya pauni kumi na tano na shilingi kumi na tano, baada ya hapo hata senti. Akaendelea kufundisha, kuongoza kwaya, kuwa jaji kwenye mashindano, anakimbizana na treni, 1912 akaanguka stesheni ya West Croydon, siku chache baadaye nimonia ikamchukua, miaka 37, mjane na watoto wawili. Watu walichukia, na waingereza walipounda chama cha kukusanya haki za watunzi 1914 kisa chake kilikuwa bado cha moto midomoni mwao.

Kwahiyo nyimbo zenu andikeni jina, tarehe, na nani kasahihisha wapi, halafu pelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Msinitolee kisingizio cha foleni.

Nimalize na langu. Mwaka 1983 nilitunga wimbo wa mazishi. Mzee aliyenifundisha kinanda akauzungushia wino mwekundu sehemu mbili, nikachana karatasi mbele yake. Wimbo ukapendwa, ukasambaa kama ulivyo, na tangu siku hiyo kila msiba ninaokwenda, waimbaji wa sauti ya teno wanajikwaa palepale, kwenye neno "pumzika", wanapanda wanakosa pa kushika wanaangaliana, mimi niko benchi la nyuma najua wanaponitukana. Mzee ameshatangulia, sikumuuliza ilikuwa iandikweje.

Jumamosi hii nitakuwepo ukumbini saa nane, kabla ya mazoezi. Nimeutoa kopi ule wimbo, nakala ishirini, na penseli nimenunua mpya. Nimejaribu pale kwenye "pumzika" mara tatu wiki hii na bado hapajakaa, kwahiyo nyie ndio mtazungushia. Na yule wa nyimbo mia mbili na kumi mpigieni, mimi simu yangu hapokei, mwambieni nataka anishikie kinanda wakati wa teno wanaimba hiyo sehemu polepole.

Babu yenu wa besi