YAH: MALALAMIKO KUHUSU MGUU WA MBWA WANGU, KASHATA

Dar es Salaam
14 Mei 2025

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya tarehe 10 Mei nilimleta kwenu Kashata, jike la Maltese, aina ya mbwa wadogo wa manyoya marefu, la kilo 4, aogeshwe, akatwe kucha na anyolewe manyoya yaliyojisokota kwenye nyayo. Nililipa sh. 45,000 kwa simu kabla hamjamgusa. (Jirani yangu hunicheka kwamba hiyo ni bei ya kunyoa vichwa tisa vya watu. Zamani nilikuwa na la kumjibu.)

Kwanza nikiri langu. Nilikuwa Tanga wiki tatu kwenye msiba, masika imekolea, na kijana niliyemwachia nyumba alimlisha vizuri lakini hakumchana. Tope na mbegu za kishona nguo zikaingia kati ya vidole, manyoya yakawa mafundo magumu kama kokoto. Sikuwaficha. Nilimwambia dada wa mapokezi kwamba miguu ya mbele haishikiki, ukiigusa tu analia, hivyo anyolewe kwa mashine ndogo, polepole, na mkishindwa mnipigie. Aliandika kwenye fomu kwa kalamu nyekundu. Nakala ninayo.

Mkaanza kwa kumwogesha. Anayeishi na mbwa wa manyoya marefu anajua fundo likilowa kisha likakauka hukaza zaidi, likavuta ngozi kila anapokanyaga. Fundo hutolewa kavu. Kisha, kwa maelezo ya kijana wenu mwenyewe, mashine ilipata moto, akachukua mkasi. Mkasi, kati ya vidole! Pale ngozi ni nyembamba na hujikunja ndani ya fundo usiione. Ndiyo maana hupitishwa mashine yenye meno madogo, na ikipata moto huzimwa ipoe. Kashata alipovuta mguu, akafungwa mdomo.

Hata hayo ningeyameza, maana mkono huteleza. Lakini nilikabidhiwa mbwa ana utepe wa pinki shingoni, nyayo zimejaa poda nyeupe, nikaambiwa, "Leo ametulia kabisa." Nyumbani akashuka garini anachechemea, mguu wa mbele wa kulia anaugusisha tu chini. Kutoka mlangoni hadi jikoni, kwenye marumaru, alama nyekundu moja moja kama mihuri. Nilipoosha ile poda nikaona ngozi kati ya vidole viwili imechanika kama sentimita 1, poda na damu vimegandana humo. Poda hiyo haikupakwa kwa ajili ya harufu.

Daktari wa mifugo alisafisha kidonda, akafunga bendeji, akatoa dawa za siku 7 na ile kola ya plastiki ya kumzuia asijirambe. Sh. 70,000, risiti na picha nimeambatisha. Nilipowatumia picha hizo WhatsApp, mlinijibu baada ya siku mbili: "Mbwa wako mkorofi, alijikata mwenyewe." Kilo nne, mdomo umefungwa, amejikata mwenyewe.

Naomba mnirudishie sh. 45,000 na mnilipe gharama ya matibabu, jumla sh. 115,000, kabla ya Ijumaa tarehe 23 Mei. Pia nataka maelezo ya maandishi: nani aliona ile damu, na nani aliamua nisiambiwe. Yule kijana sitaki afukuzwe. Alikuwa peke yake, meza moja, mbwa sita wanamsubiri. Afundishwe, na apewe mashine ya pili.

Bendeji inatolewa Jumapili. Mguu wa kushoto mafundo bado yapo, maana hamkufika huko. Nimeanza kuyafungua mwenyewe kwa vidole na unga kidogo wa mahindi, fundo moja kila jioni, akiwa amesinzia mapajani.

Mteja wenu tangu 2022