Kuhusu kile kichupa ulichoniomba

Tukuyu, Jumapili usiku, Julai

Mama Neema mwenzangu,

Kamwene. Najua utacheka, Mnyakyusa kukusalimia Kihehe, lakini nimeanza hivyo makusudi maana umesema siku hizi hakuna kinachokuchekesha.

Ujumbe wako niliusoma Jumatano nikiwa kwenye benchi nje ya thieta, nasubiri mgonjwa wa pili aandaliwe. Nimeandika jibu kwenye simu mara tatu nikalifuta mara tatu. Simu yako inashikwa na watoto wakicheza gemu, na haya si ya kusomwa na watoto. Basi nimechukua daftari. Bahasha nitaiweka chini ya ndizi ninazokutumia kwa basi. Konda nitamwambia ni risiti.

Umesikia kwamba ketamini, dawa yetu ya usingizi, inatibu sonona kama yako, ukaniandikia hivi: "Wewe si ndiye mwenye ufunguo wa kabati? Nije likizo unichome kimoja tu, tusimwambie mtu." Jibu langu ni hapana. Nalitanguliza ili usije ukapekua kurasa ukilitafuta. Ila usiikunje barua, kwa sababu hukuuliza upuuzi, na mtu akikuambia huo ni uzushi wa mtandaoni atakuwa hajui.

Ketamini naijua kuliko ninavyomjua shemeji yako niliyeolewa naye. Ndiyo nusu kaputi yetu huku wilayani. Umeme ukikatika, mashine ikigoma, mama anatokwa damu mezani, hiyo ndiyo inayotuokoa, kwa kuwa mgonjwa anaendelea kuhema mwenyewe na presha haimporomoki kama kwa dawa nyingine. Iliundwa mwaka 1962 kule Marekani na mkemia Calvin Stevens, na mwaka 1964 daktari Edward Domino na mwenzake Corssen wakaijaribu kwa wafungwa wa jela moja ya Michigan. Wale wafungwa macho yalikuwa wazi, lakini wenyewe hawapo. Domino akamsimulia mkewe kwamba watu hawa ni kama wamekatwa wakaachanishwa na miili yao, na mama huyo ndiye aliyetoa jina ambalo sisi watu wa usingizi tunalitumia mpaka leo: dawa ya kumtenga mtu na mwili wake. Huwa nafurahi kwamba jina lilitoka jikoni kwa mtu.

Na kumtenga kweli inamtenga. Kuna bibi mmoja wa huku milimani tulimsafisha kidonda cha moto. Alipozinduka alinishika mkono akaniambia alikuwa juu ya mlima Rungwe anaangalia chini, akaona miguu yake mwenyewe imelala kitandani, akaionea huruma kama miguu ya mtoto wa jirani. Yeye alizinduka kwa amani. Mwingine, kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, alizinduka anapiga kelele kwamba amezikwa, tukamshika watu wanne mpaka diazepamu ilipomtuliza. Dawa ileile, thieta ileile, wiki moja. Ndiyo maana wakizinduka nazima redio na kumfukuza kila mwenye mdomo mrefu.

Sasa la sonona. Mwaka 2000 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa wagonjwa wachache ketamini kwa dripu, pole pole kwa dakika 40, kiasi kidogo sana kuliko kile tunacholazia mtu. Mwaka 2006 timu ya taasisi ya serikali ya Marekani, ikiongozwa na Carlos Zarate, ikarudia kwa watu 18 ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Kesho yake tu, zaidi ya theluthi mbili ya waliopata dripu ile walikuwa wamepata nafuu kubwa. Kesho yake, Mama Neema! Sisi tumezoea vidonge vinavyotaka mwezi. Kwa hiyo naelewa kwa nini uliposikia habari hii ulikaa kitandani ukaniandikia saa nane usiku.

Lakini endelea kusoma matokeo yale. Wiki moja baadaye, waliobaki na nafuu walikuwa kama theluthi moja. Wengine walirudi walikotoka. Hicho kichupa kimoja unachokiomba kingekupa, tukibahatika, siku chache za mwanga, halafu giza lingerudi likukute umeshaonja mwanga. Sijui mwenzangu, ila naona kurudi huko ni kubaya kuliko kutowahi kutoka.

Inavyofanya kazi bado wanabishana. Kinachojulikana ni kwamba inaziba mlango mmoja kwenye seli za ubongo, mlango unaopokea kemikali iitwayo glutameti, na kwa panya waliona seli zikichipua viunganishi vipya baada ya dozi. Mimi huwaza mashamba ya chai ya hapa Rungwe: wanakata kichaka mpaka unadhani wamekiua, halafu kinatoa machipukizi kila upande. Lakini chai iliyopogolewa mtu anairudia, anaipalilia, anaitia mbolea. Ndiyo maana wenzetu hawachomi mara moja wakaaga. Ile ya kupuliza puani, esketamini, iliyoruhusiwa Marekani Machi 2019, unaipata mara mbili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza, mbele ya mhudumu, unakaa chini ya uangalizi saa mbili unapimwa presha, na siku hiyo huruhusiwi kuendesha gari mpaka ulale uamke. Na wanampa nani? Mtu ambaye dawa mbili tofauti zimemshinda, kila moja kwa dozi inayotosha na muda unaotosha.

Hapo ndipo nakugombeza kidogo, vumilia. Wewe amitriptilini uliimeza siku tisa. Kinywa kikakauka, ukasinzia mbele ya darasa la nne, ukaitupa chooni. Fluoksetini ukaimeza wiki tatu ukasema haifanyi kitu. Wiki tatu! Ile inataka nne mpaka sita ndipo mtu aanze kuona tofauti, wakati mwingine nane. Najua kosa si lako peke yako. Aliyekupa alikusukumia vidonge dirishani bila neno, wala hakukwambia kwamba siku za mwanzo tumbo litavuruga na usingizi utapaa. Lakini hata ungekuwa London leo, wasingekuwekea ketamini. Wangekuambia hizi mbili hazijakushinda, hujazipa nafasi.

Umesema pia: "Utanichoma wewe, nakuamini." Yule mwigizaji wa Marekani, Matthew Perry, unamkumbuka? Alikuwa akitibiwa sonona kwa ketamini kliniki, vizuri tu, kisha akaanza kuipata pembeni. Aliyekuwa akimchoma nyumbani ni msaidizi wake, mtu aliyemwamini. Oktoba 2023 akakutwa amekufa kwenye bwawa lake la maji ya moto. Dawa iliyokuwa mwilini ilifikia kiwango cha kulazia mtu kwa upasuaji. Watu watano walishtakiwa, na wawili kati yao ni madaktari. Kwetu sisi shida hata si polisi. Shida ni kwamba presha yako inapanda tangu mimba ya pili, na ketamini inapandisha presha. Nikuchome chumbani kwangu, na kifaa changu cha kupimia kina mpira uliotoboka? Na wanaoizoea wakaitumia miezi na miezi, kibofu kinaharibika mpaka mkojo unakuwa damu. Sikutishi, nakuambia ninayoyaandika kwenye rejista ya kichwa changu kila nikifungua lile kabati.

Na kuhusu kabati kuna jambo sijamwambia mtu, hata shemeji yako.

Unakumbuka mwaka ule nilipopoteza mimba ya miezi sita, ukaja na Kosta ya usiku, ukanipikia uji siku nne? Ulipoondoka mimi nilirudi kazini haraka, kila mtu akanisifu. Usiku mmoja wa zamu nilisimama mbele ya kabati, ufunguo mkononi, nikawaza vichupa vile vinavyowapeleka watu juu ya mlima Rungwe. Nilijua kipimo. Nilijua mshipa. Sikutaka kufa, ama sijui, nilitaka tu kutokuwepo kidogo. Kaka yetu mkubwa wa kazini, yule anayekaribia kustaafu, aliingia kuchukua pamba. Hakuniuliza kitu. Alifungua rejista, akahesabu vichupa kimoja kimoja kwa sauti, kisha akaniambia, "Mwanangu, ufunguo nitakaa nao mimi miezi miwili hii, nataka nijikumbushe hesabu." Hesabu aliijua tangu mimi sijazaliwa. Kesho yake akanipeleka Mbeya, hospitali ya rufaa, kwa gari la mchanga la shemeji yake. Nikakaa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili na kitenge kimefunika kichwa nisijulikane. Nilimeza fluoksetini miezi tisa. Wiki ya tano, nikiwa namenya viazi, nikagundua naimba. Ndiyo hiyo, Mama Neema, hiyohiyo uliyoiacha wiki ya tatu.

Kwa hiyo usidhani nakunyima kwa kuogopa kazi yangu. Naiogopa, ndiyo, lakini si hiyo.

Sasa nakuuliza, na nakuuliza kwa maneno yenyewe: umewaza kujiua? Umeandika kwamba ungelala usiamke usingelalamika. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kuliko ile ya kichupa. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, hilo tulifundishwa na nimeliona. Nijibu ndiyo au hapana, siku hiyohiyo utakaposoma. Kama ni ndiyo, usisubiri mpango wangu wa huko chini. Mwamshe shemeji, mwende hospitali usiku huohuo, nami nitakuja na gari lolote litakalonibeba. Na hata kama ni hapana, ile dawa ya kupulizia viazi iliyoko stoo, mwambie shemeji aihamishie kwa mama mkwe, leo. Mwambie mimi nimesema. Akiuliza sababu, mwambie ukweli. Yule si mtu mbaya, ni mtu asiyejua aanzie wapi. Aliponipigia mwezi uliopita aliniuliza eti umelogwa na mwalimu mwenzio kwa sababu ya cheo cha taaluma. Nilimwambia ombeni, kanisani nendeni, lakini asikuzuie dawa. Alinyamaza, akasema sawa. Hiyo sawa ishikilie.

Mpango wangu ni huu. Iringa mjini ni karibu nawe kuliko kwetu, najua, lakini umesema unaogopa kukutana na walimu wenzako kwenye foleni. Njoo Mbeya basi, huku hakuna anayekujua zaidi ya mimi. Alhamisi niko mapumziko. Panda basi la asubuhi pale Mafinga, ukipita Makambako nitumie neno, ukifika Chimala nami nitakuwa naondoka Tukuyu. Shuka Uyole, usiende mpaka stendi kuu. Nitakuwa kwa wauza maparachichi upande wa barabara ya kuja kwetu, nimevaa lile sweta la kijani unalolichukia. Tutaingia kliniki wawili. Nitakaa ndani na wewe ukitaka, au nje ukitaka. Beba kile kikaratasi cha dawa ulizokwisha tumia, na kama hukukitunza, niandikie majina na siku ulizomeza, bila kujitetea. Waambie na habari ya presha.

Ukiona daktari ni msikivu, muulize na habari ya ketamini, usione aibu. Nami ningependa kusikia atasema nini. Huwa naumia nikifikiri kwamba dawa hii Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985, ni ya bei ndogo, iko kila wilaya, na mwaka 2015 China ilipotaka Umoja wa Mataifa uibane kama dawa za kulevya, kilichoiokoa ni hoja ya hospitali kama yangu. Halafu tiba ya sonona kwa dawa hiyohiyo imekuwa ya watu wenye pesa nje huko. Sitaki kuiiba kabatini. Nataka siku moja iwe na chumba chake, kitanda, mtu wa kupima presha na mtu wa kuzungumza nawe ukizinduka. Hilo nitaligombania kwenye vikao vyetu, na wanajua nikigombania kitu navyokuwa kero.

Usiku umekwenda, na baridi ya huku unaijua, hata wino unagoma. Ndizi za juu zimeiva, kuleni mapema. Za chini ni mbichi, chemsha na maharage. Niachie nauli yako mimi, usibishane.

Nijibu lile swali kwanza.

Mwenzio,
Mama Tumaini